Sahihi

Walituita saa nne, kikao kikaanza saa sita,
ndani ya ghala la sabuni lisilo na sabuni
tangu usiku ule mashine zilipong'olewa
zikapakiwa malori mawili, wala hatukuambiwa zinakwenda wapi.
Viti vya plastiki vya kukodi. Soda, na andazi mojamoja.
Na daftari la mahudhurio: jina, simu, sahihi.

Mezani wameweka mji mdogo wa maboksi,
ghorofa kumi na mbili, mara nne,
miti ya sponji, vijigari,
na Mto Rau umepakwa rangi ya buluu.
Buluu!
Nimeishi na mto huu miaka hamsini na mitatu.
Nimeuona kahawia wa masika, kijivu wa kiangazi,
nimeuona mweupe pia, enzi zetu, tukimwaga magadi,
povu likiteremka hadi kwenye majaruba ya mpunga
na watoto wakilikimbiza kandokando kama msafara wa harusi.
Magadi hayo nilikuwa nayapima mimi.
Sisemi kiwanda kilikuwa malaika.
Wala sisi.

Kijana wa kampuni, viatu vimechongoka,
anasema "makazi", anasema "msongamano wenye mpangilio".
Vyumba vinavyotazama mlima, bei yake mbali.
Kumbe mlima nao una bei,
na mimi miaka yote nautazama bure
nikianika nguo.

Ndesario dobi akasimama kuuliza habari ya kivuli:
kikilala uani kwake kuanzia saa nane,
mashuka ya hoteli yatakauka lini?
Watu wakacheka. Hakujibiwa.

Apaikunda hakusema kitu.
Alitoa kwenye kikapu kigingi chenye rangi nyekundu
alichokikuta asubuhi katikati ya magimbi yake,
bado kina udongo,
akakisimamisha katikati ya mji wa maboksi.
Kikawa kirefu kuliko majengo yote.

Mimi niliuliza vyoo.
Kila ghorofa nyumba nane, nilizidisha kiganjani:
mia tatu themanini na nne,
na bomba letu hutoa maji Jumanne na Ijumaa.
Vyote hivyo vitashukia wapi?
"Mtaalamu atakuja kufafanua," akasema,
akautazama mto, si ule wa nje,
ule wa mezani.

Binti yangu Nakijwa hakunipigia makofi.
Analala chumba kimoja na wanawe wawili, kule Majengo,
na mwenye nyumba hupandisha kodi kila akinunua bati.
"Mama, mkikataa hili, watu wakae wapi?"
Nikafunga khanga upya, ingawa haikuwa imelegea.
Jibu sikuwa nalo. Hata leo sina lote.
Ila niliinama, nikachungulia yale maboksi dirisha kwa dirisha,
nikitafuta mlango wa mtu anayelipa
elfu kumi leo, elfu saba Jumamosi,
nyingine tukivuna.
Sikuuona.

Wiki ya pili, karatasi imebandikwa ubaoni:
wananchi mia moja kumi na sita wameridhia,
sahihi zao zimeambatanishwa.
Nikazisoma. Ndesario, kwa mwandiko wake wa risiti.
Apaikunda, dole gumba.
Na mimi hapo, namba arobaini na moja,
herufi zangu zilizonyooka za mtu wa mizani,
zimesimama foleni kusema ndiyo.

Nimekwenda ofisini. Mwenyekiti Elifuraha anasema
daftari limeshafungwa, limekwenda wilayani.
Nikamwambia, mwenyekiti, sikiliza,
neno hilo lina maana mbili,
na mimi niliwapa moja tu:
kwamba nilikuja, nikakaa, nikanywa.
Ile nyingine bado ninayo.

Basi andika barua, nami nitaipeleka mwenyewe, kwa miguu.
Namba arobaini na moja ifutwe.
Soda nitailipa.
Ilikuwa shilingi ngapi?